Walii Asiyepatikana

Yanipasa nianze na hali ilivyokuwa kabla ya jambo lenyewe, kwani asiyeijua hali hiyo atadhani kwamba niligombana na kampuni ya simu kwa ukaidi tu, na mimi si mkaidi.

Katikati ya miaka ya elfu mbili, mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga nyumba Stechford, upande wa mashariki wa Birmingham, si mbali na stesheni ya treni. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, iliyobanwa na nyumba nyingine kulia na kushoto, na kwa sababu ambayo hakuna mtu wa kampuni yoyote aliyewahi kunieleza, mtandao wa simu uliifikia mpaka kwenye kizingiti ukakoma. Barabarani simu ilionyesha vijiti vyote. Ukifungua mlango vilipungua, ukifika jikoni vilitoweka, na ukipanda juu ukasimama kando ya dirisha la bafu, kijiti kimoja kilijitokeza na kuzama kama mtu anayechungulia. Simu ya waya haikuwapo. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameikata, na kampuni ya simu za waya ilitaka mkataba mrefu kuliko ule tuliokuwa nao na mwenye nyumba.

Mchana nilikuwa chuo kikuu, upande wa Edgbaston, nikilinganisha nakala za hati za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kazi hiyo hufanywa katika chumba ambacho msomaji huacha mlangoni koti, kalamu ya wino na simu. Kwa hiyo mchana sikupatikana kwa sababu ya kanuni, na jioni sikupatikana kwa sababu ya ukuta.

Mama yangu alikuwa Unguja. Simu yake ya mkononi, kama simu za wazee wengi wa wakati ule, ilikuwa chombo cha kubipu, si cha kupigia. Vocha ya kupiga Uingereza iliyeyuka kabla salamu hazijesha. Basi yeye alipiga, simu ikalia, akakata, nami nikampigia kwa kadi ya kupigia nje. Tulikuwa na mapatano. Bipu moja ilikuwa salamu: sisi wazima, usihangaike. Mbili: piga ukipata nafasi. Tatu mfululizo: piga sasa hivi, hata kama tonge limo mkononi. Mfumo wote huo ulitegemea sharti moja, nalo ni kwamba simu yangu ilie na isipokelewe.

Lililobaki ni habari ya mdogo wangu wa kike. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na babu kabla yake, na mimi nilikuwa kaka pekee. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha. Alikuwa ameposwa na kijana aliyefanya kazi Maskati, ambaye alikuja nyumbani kwa likizo isiyokuwa ndefu. Mimi sikuweza kusafiri, maana pasi yangu ilikuwa kwa maofisa wa uhamiaji ikingoja viza mpya. Nikakubaliana na ami yangu, ndugu wa baba, kwamba nitamfanya wakili wangu amwozeshe kwa niaba yangu. Fiqhi, elimu ya sheria ya dini, inaruhusu. Fiqhi haidai hata mashahidi wa uwakala wenyewe, lakini ami alidai: alitaka wazee wa pande zote mbili wakae, wamalize mazungumzo ya mahari na ya siku, kisha wote wanisikie kwa masikio yao nikimkabidhi shughuli. Wazee watakaa lini? Watakapojaaliwa kukutana. Wakikutana, mama atabipu mara tatu.

Nami nilijua, na ami alijua, kwamba kaka akiwa safari ya mbali na asipopatikana, madhehebu yetu hayaihamishi haki yake kwa ami. Huihamisha kwa kadhi. Kisheria hapakuwa na ubaya wowote. Kwa mama palikuwa na aibu kubwa. "Mwanangu aozeshwe na serikali kama mtoto wa kuokotwa," alisema, "na kaka yake yu hai, ana simu mfukoni?"

Hiyo ndiyo hali. Sasa jambo lenyewe.

Jioni moja nilirudi kutoka chuoni, nikapanda juu kuosha uso, na kando ya dirisha la bafu simu ikatikisika mfukoni. Haikuwa bipu. Ilikuwa alama ya bahasha: kuna ujumbe wa sauti. Kampuni yangu, bila ya mimi kuiomba, ilikuwa imeniwekea mashine ambayo, simu ikiwa nje ya mtandao, humpokea kila apigaye na kumsemesha kwa sauti ya bibi wa Kiingereza. Nikasikiliza.

"Haloo?" ilikuwa sauti ya mama. "We bibi, samahani, niitie mwanangu." Kimya. "Mwa-na-ngu. Mwenye simu." Kisha, mbali kidogo na simu, kwa mtu mwingine: "Kanyamaza."

"Nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya ami.

"Mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Mzungu. Kasema maneno mengi, kisha kapiga pii, kanyamaza."

"Mwambie tuna wageni hapa."

"Nimwambieje mimi, kwa lugha gani? Sema wewe uliyefanya kazi bandarini."

Ami akakohoa, akaisogelea simu. "Madamu," alisema kwa Kiingereza, kwa adabu kubwa, kisha vocha ikesha.

Nilitoka mbio mpaka barabarani nikapiga. Wazee walikuwa wamekwisha kunywa kahawa na kuondoka.

"Vocha yangu yote kaila bibi huyo," mama alisema. "Mara tatu nimebipu, mara tatu kapokea. Nani huyo unayempa simu yako?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine ina sauti laini hivyo?"

Mke wangu, aliyekuwa amenifuata na koti langu, alisogeza mdomo karibu na simu. "Mwache, mama. Mke mwenza huyu hali wala halali kwangu, sina ugomvi naye."

Mama hakucheka. Alimpa simu ami, naye akasema taratibu, kama mtu anayesoma hukumu: "Sikiliza, mwanangu. Mzee mmoja katoka Bububu na mkongojo wake. Kakaa, kangoja, karudi. Tutakaa tena. Mara ya pili ukipotea nakwenda kwa kadhi, maana likizo ya kijana inakatika, na mimi sitaki kubeba lawama ya pande mbili."

Asubuhi iliyofuata niliipigia kampuni, nikiwa nimesimama barabarani. Nilikuwa na maombi mawili: mashine iondolewe, na mtandao uingie ndani ya nyumba. Nilianza na lile nililodhani ni jepesi.

"Ukiiondoa, bwana," alisema kijana aliyenipokea, "simu usizozipokea zitakuwa zinalia tu."

"Hivyo ndivyo ninavyotaka."

"Zilie, na wewe usipokee?"

"Zilie, na mimi nisipokee."

"Na yule anayekupigia?"

"Atakata. Ataridhika kabisa."

"Bwana, una hakika kwamba unahitaji simu?"

Alinipeleka idara nyingine, nayo ikanipeleka idara nyingine, na baina ya idara na idara palikuwa na muziki. Nilisimulia habari ya mama yangu upya kila mara, tangu mwanzo, na kila aliyeisikia alikuwa mpole, na kila mpole alinikabidhi kwa mwenzake ambaye hakujua lolote. Katika maisha yangu ya kusoma nimekutana na wanakili wazembe, walioruka mistari na kurudia kurasa, lakini sijakutana na mnakili aliyefuta hati nzima kila alipopokea zamu. Mwishowe bibi mmoja aliiondoa mashine. Ama kuhusu mtandao, alitazama ramani yake.

"Ramani inaonyesha kwamba nyumba yako ina mtandao bora, ndani na nje."

"Mimi ndiye ninayekaa ndani."

"Labda ukisogea karibu na dirisha."

"Nazungumza nawe nikiwa barabarani, bibi, na mvua inanyesha."

"Nakusikia vizuri sana," alisema kwa furaha.

Nilipokata ndipo nilipoyatambua matokeo ya ushindi wangu. Mashine ilipokuwapo, bipu zilizopotea angalau ziliacha bahasha. Sasa zitapotea bila alama yoyote.

Basi nikaamua kuhama kampuni, na kwa kuwa kulinganisha ndiyo kazi niliyosomea, nilidhani litakuwa jambo la utulivu. Nilikwenda kwenye maduka yao. Kila duka lilikuwa na ramani, na kila ramani iliipaka Stechford rangi ileile iliyokolea. Nakala zinapokubaliana hivyo katika kosa moja, sisi husema kwamba zimetokana na mzazi mmoja. Niliacha ramani nikarudi kwenye ushahidi wa macho.

Jirani yetu alikuwa muuguzi kutoka Kisii, mwanamke mkunjufu, mfuasi wa kanisa moja la mtaani, ambaye alikuwa na laini ya kampuni ya pili. Alisikia shida yetu kutoka kwa mke wangu, akaja mwenyewe jikoni na simu mkononi.

"Mwalimu, hiyo laini yako tupa. Ona hii yangu. Iko sawa kabisa, hata kwa hiyo kona ya friji!"

Ilikuwa kweli. Alizunguka jikoni akiwa ameinyanyua simu kama mtu anayefukiza ubani, na vijiti havikupungua.

"Na mama yako akikubipu, inalia?" nikamuuliza.

"Akiniflashi? Inalia, lakini yeye huacha ilie sana. Mama yangu hana haraka."

Nikamwomba ruhusa tujaribu. Nilimpigia mama kutoka barabarani, nikampa namba ya jirani, nikamwomba abipu, nikarudi ndani. Tukasubiri watu watatu jikoni, tumeikodolea macho simu iliyolala mezani. Haikulia. Nikatoka nje kumpigia tena.

"Nimebipu," mama alisema. "Mara mbili."

"Uliacha ilie?"

"Imelia kwangu mlio mmoja nikakata. Nikae nasubiri nini, initoze?"

Hapo nikajifunza jambo ambalo halimo katika tangazo lolote la biashara: kwamba katika kampuni ile ya pili, mpigaji wa ng'ambo alisikia mlio kabla simu ya huku haijaanza kulia, na kwamba mama yangu, kwa miaka ya mazoezi, alikuwa na kidole chepesi kuliko mtambo wao. Nilimwuliza mhudumu wao juu ya tofauti hiyo. Aliniambia kwamba hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba watu wanamkatia upesi mno.

"Si ununue tu laini ya kampuni ya tatu," mke wangu alisema, "umpe mama namba mpya, tulale?"

Laini nilinunua. Simu nayo niliipeleka kwa fundi wa sokoni mjini akaifungua ikubali laini za kampuni nyingine. Nikaijaribu laini hiyo jikoni, ukumbini, chini ya ngazi, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, na kidole cha mama kikajaribiwa nacho kikafaulu: alibipu, ikalia. Chuoni laini hiyo haikushika hata kidogo, lakini chuoni simu yangu ilikaa kabatini, kwa hiyo upungufu huo haukunidhuru. Ilibaki namba mpya, na mama aliikataa katakata.

"Namba ninayoijua ni ile. Kidole changu kinakwenda chenyewe," alisema. Kisha akaongeza, "Na mtu habadili namba ila ana anayemkimbia. Kwanza mwanamke anapokea, sasa namba mpya. Nimwambie nini ami yako?"

Ilinibidi, kwa hiyo, nihame na namba yangu ya zamani. Jambo hilo liliwezekana, lakini idhini ilitoka kwa kampuni inayoachwa, na kampuni inayoachwa haina haraka. Kwa simu waliniambia niende dukani. Dukani walisema jambo hilo hufanywa kwa simu. Nilirudi dukani kwao katikati ya mji siku ya Jumamosi, pamoja na mke wangu, nikiwa nimekata shauri kwamba sitaondoka mpaka wamalize.

Kijana aliyetuhudumia alivaa tai na alikuwa na subira ya kuudhi. Aliniuliza kwa nini nawaacha. Nikamweleza. Alinipa simu mpya niitazame, yenye kamera. Nikamweleza tena. Akaichukua simu yangu, akaiweka juu ya kaunta baina yetu, akaielekezea kidole.

"Lakini una vijiti vyote, bwana."

"Hapa ni dukani kwako."

"Ni mtandao uleule."

"Basi niletee kitanda hapa," mke wangu akasema kwa Kiswahili, akitazama dari.

Hatimaye alifungua ukurasa katika kompyuta yake, akanieleza kwamba akiuanza uhamisho, laini yangu yaweza kuzimika wakati wowote, na itabaki imezimika mpaka kampuni mpya iipokee.

"Kwa muda gani?"

"Siku chache za kazi. Wakati mwingine zaidi."

"Na nikipigiwa katika siku hizo?"

"Hutapatikana."

Nilimtazama mke wangu. Wazee waweza kukaa Jumatatu. Waweza kukaa kesho. Lakini nisipohama, wakikaa jioni nitakuwa jikoni kwangu, nimezungukwa na ukuta uleule.

"Kwani sasa tunapatikana?" mke wangu akasema. "Mwambie abonyeze."

"Bonyeza," nikamwambia kijana.

Akainua mkono, na simu ikalia juu ya kaunta. Ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Usibonyeze!" nikasema.

"Simu yako, bwana."

"Naiona."

"Hukupokea."

"Sipokei."

Ikalia tena, ikanyamaza. Kijana aliitazama simu, akanitazama mimi. "Nadhani ni jambo la muhimu."

"Bado," nikasema.

Ikalia mara ya tatu.

"Sasa!" tukasema sote wawili, mimi na mke wangu, kwa sauti iliyowafanya watu wa foleni wageuke.

Mke wangu alikuwa na kadi mpya ya kupigia nje katika mkoba. Alichomoa pini ya mtandio wake, akaikwangua kadi juu ya kaunta yao safi, akanisomea tarakimu nami nikabonyeza. Mama alipokea upesi.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Leo yule bibi hakuwapo," alisema, na sikuweza kujua kama ameridhika au amesikitika. Akaiweka simu kwenye spika.

"Wazee wote wapo," ami akasema. "Tumekubaliana mahari, na siku ni Ijumaa. Sema, na useme kwa sauti, mzee wa Bububu masikio yake mazito."

"Kwanza nimsikie mwenyewe," nikasema. Ami akaguna, lakini hilo nililiona la wajibu na sikutaka kulikimbilia. Pakawa na mchakacho wa simu kupitishwa mlangoni, kisha sauti ya mdogo wangu, ya chinichini:

"Nimeridhia, kaka. Fanya haraka, kadi zako twazijua."

Simu ikarudishwa barazani. Nikasimama wima, na pale, baina ya kaunta na picha kubwa ya familia ya Kizungu iliyokuwa ikicheka na simu zake, nikapaza sauti: "Ami yangu, nimekufanya wakili wangu umwozeshe dada yangu, wa baba mmoja na mama mmoja nami, kwa mchumba aliyemridhia, kwa mahari mliyoafikiana."

"Nimeupokea uwakala," ami akasema. "Mmesikia?"

Sauti kadhaa zikasema zimesikia. Moja ikauliza: "Kasema nini baada ya dada?"

"Rudia," ami akaniamuru. "Mzee hakusikia neno la mahari."

Nikarudia, kwa sauti ya mtu anayeadhini. Bibi mmoja mwenye gari la mtoto aliacha kulisukuma. Mzee wa Bububu akasema, "Sasa sawa," na mama akapiga kigelegele ambacho kilitoka katika kile kisimu kikawafikia watu wa mlangoni. Kisha kadi ikesha.

Mke wangu alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kijana alingoja kwa heshima mpaka tukatulia, kisha akaanza kuandika katika kompyuta.

"Hiyo ilikuwa Afrika, bwana?"

"Unguja."

"Haikukatika hata mara moja."

"Iliyokatika ni kadi."

"Mtandao, lakini, ulishika." Alikuwa bado anaandika. "Naona una lalamiko la mtandao katika kumbukumbu zetu. Nimeandika kwamba simu ilijaribiwa dukani, ya kimataifa, na ilifanya kazi vizuri. Tatizo limetatuliwa. Mteja ameridhika."

Nilimweleza kwamba mteja hakuridhika. Nilimweleza kwamba mteja haishi dukani. Nilimweleza, kwa Kiingereza changu chote na kwa mpangilio niliouona kuwa hauwezi kupingwa, tofauti baina ya kitu kufanya kazi na kitu kufanya kazi mahali kinapohitajiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba lalamiko likifungwa haliwezi kufunguliwa, ila naweza kuanzisha jipya kwa simu.

"Kwa hiyo, bwana, bado unataka kuhama?"

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza. Dada yangu aliozwa Ijumaa iliyofuata baada ya sala ya alasiri, ami yangu akimwozesha kwa niaba yangu mbele ya wazee walewale, bila ya kadhi kuhitajika. Siku hiyo laini yangu haikuwa kwa kampuni ya zamani wala kwa kampuni mpya, na habari za harusi nilizipata Jumatatu.